Shingo na Moyo wa Dorca Akello

Kwa miaka kumi na mmoja Dorca Akello alibeba omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Mashua zikifika Asembo Bay asubuhi, yeye alikuwa ameshakunja kata yake ya kitenge, amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini. Karai likishajazwa alilipandisha kichwani kwa mwendo mmoja bila kusaidiwa, akapanda nalo hadi kwenye uwanja wa mchanga ambako wanawake huanika samaki. Alimwaga, akarudi. Safari nane, safari kumi, kulingana na jinsi ziwa lilivyotoa. Kisha aliinama kuzitandaza omena juu ya nyavu kuukuu, akainuka, akainama tena kuzigeuza. Kazi hiyo ilimpa shingo nene kuliko ya wenzake, na mumewe, Calvince Owiti, ambaye ni fundi wa mashua, alipenda kumtania kwamba siku akikosa mlingoti ataazima shingo ya mkewe.

Miaka miwili iliyopita, mvua za masika zilipokuwa zikiisha, Dorca aliugua homa iliyomlaza siku tisa. Ilipomwachia alidhani mambo yamekwisha. Siku ya kwanza aliyorudi ufuoni aliinama kugeuza omena, akainuka, na ufuo mzima ukaanza kuzunguka. Aliusikia moyo wake ukigonga mpaka ndani ya masikio. Giza likaingia machoni kutoka pembeni. Alipofumbua macho alikuwa amelala chali katikati ya samaki wake, na wanawake wawili wakimpepea kwa leso.

"Nimeteleza tu," aliwaambia.

Hakuna aliyemwamini, maana mchanga ulikuwa mkavu.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Zahanati walimpima malaria, hana. Walimpima damu, anayo ya kutosha. Mimba, hamna. Presha walimpima akiwa ameketi, wakaikuta haina shida yoyote. Mhudumu aliyekuwa zamu, Bwana Opondo, mtu mpole aliyesomea kazi yake, alipitia karatasi zote mara mbili.

"Mama, hapa kila kitu ni safi," alisema. "Pengine ni mawazo. Nyumbani kuko sawa?"

"Nyumbani kuko sawa."

"Basi pumzika kwanza."

Dorca akapumzika. Shida ilikuwa kwamba akilala alikuwa mzima kabisa. Alicheka, alipiga soga, aliwasaidia mapacha wake kazi za shule akiwa ameegemea mto. Akisimama ndipo moyo ulipotimka. Mtu anayepita na kumkuta kitandani saa nne ya asubuhi, anacheka, angesema nini? Mama mkwe wake, Mama Achola, ambaye nyumba yake inatazamana na yao katika boma moja, ndiye aliyepita mara nyingi. Alipita tu mlangoni na ufagio, akatazama, akapita tena. Siku moja akasimama.

"Nyar Gem," alimwita, yaani binti wa Gem, kwa jina la kwao kama wakwe wanavyofanya, "mimi nilizaa watoto saba, na kila mara nilirudi ufuoni kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka."

"Najua, Mama," Dorca alijibu.

Baada ya miezi kadhaa yakaja maumivu ya shingo. Yalianzia chini ya fuvu, yakashuka nyuma ya shingo na kugawanyika mabegani, huku na huku, kana kwamba mtu amemvalisha henga ya nguo ndani ya ngozi. Aliposimama kwa muda yalizidi, akilala yalipoa. Walimpeleka kwa mzee mmoja wa soko la jirani anayesifika kwa kunyoosha shingo. Mzee alimshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, akamwambia afikirie jambo la kufurahisha, kisha akaipinda shingo ghafla. Ililia kwa sauti ambayo Calvince aliisikia akiwa nje. Siku hiyo Dorca alijisikia mwepesi. Siku ya tatu hakuweza kugeuza kichwa, na kwa wiki nzima kizunguzungu kilimfuata hata kitandani.

"Hapo haturudi," Calvince alisema, na hawakurudi.

Aliyemfungulia njia ni rafiki yake Agneta Nanyama, mwanamke wa Bungoma anayeishi mtaa wa Manyatta mjini Kisumu na kuuza nguo za mitumba soko la Kibuye. Walijuana zamani katika semina ya akina mama wa kanisa. Agneta alikuwa ameumia mgongo kwa kunyanyua mabelo, yale marobota ya mitumba, na kuna mwanamke mmoja Kisumu aliyemtibu kwa mikono mpaka akarudi kazini. Alipompigia Dorca simu na kumkuta amelala mchana, alitaka kujua kwa nini. Alipoambiwa hakubembeleza.

"Utakuja Alhamisi," alisema. "Nitakungoja stendi na kiti changu cha kukunja."

Kweli alimngoja na kiti. Dorca aliona haya kuketi katikati ya watu kila baada ya hatua hamsini, lakini Agneta alikifungua kiti kila mara kama mtu anayetandaza bidhaa, akasimama kando akimsimulia habari za wateja wake, mpaka wakafika.

Kliniki ilikuwa vyumba viwili vya nyumba ya zamani, mtaa wa Milimani, hakuna ngazi. Mwenyewe aliitwa Emmaculate Nakhungu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye viganja vipana na sauti ya chini. Kibao mlangoni kilisema ni kairoprakta, yaani mtaalamu wa uti wa mgongo na viungo vyake anayetibu kwa mikono yake. Dorca aliliona lile neno, akakiona kitanda chembamba chenye tundu la uso, akajikuta amejishika shingo kwa mikono yote miwili.

"Daktari, nisamehe kusema hivi. Sikuja kuvunjwa tena."

"Hakuna cha kusamehe," Nakhungu alisema. "Keti. Leo sitakugusa shingo mpaka umenieleza yote."

Dorca alieleza. Ilichukua muda, kwa sababu siku hizo hata maneno yalikuwa yakimpotea katikati ya sentensi. Nakhungu hakumkatiza. Aliuliza kuhusu homa, kuhusu karai, kuhusu maji anayokunywa kwa siku. Akamwomba amwonyeshe mkono, akakilaza kidole gumba chake taratibu kuelekea kwenye kiwiko, nacho kikalala mpaka kikagusa mkono bila maumivu yoyote.

"Hiki kimekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu utotoni. Shuleni tulikuwa tukikifanyia mchezo."

"Viungo vyako vimelegea kuliko vya watu wengi. Shingo ya mtu kama wewe haipindwi kwa ghafla. Mimi sitaipinda, na usimruhusu mtu mwingine aipinde."

Kisha akamlaza kitandani, akamwacha atulie, akahesabu mapigo ya moyo. Sabini na mawili. Akamwomba asimame wima karibu na ukuta, asiegemee, asitembee. Baada ya dakika moja mapigo yalifika mia moja na manane. Baada ya dakika tano, mia moja na ishirini na manne. Presha ilibaki palepale. Nakhungu aliinama akamtazama miguu. Ilikuwa imegeuka rangi, kama zambarau iliyoiva.

"Naomba kuketi," Dorca alisema dakika ya saba.

"Keti. Umevumilia sana." Nakhungu aliandika kwanza, ndipo akamtazama. "Mama, wewe si mvivu. Na hiki si kitu cha mawazo."

"Nani amekuambia wananiita mvivu?"

"Hakuna. Wagonjwa wa namna yako karibu wote huitwa hivyo."

Dorca aligeukia dirisha. Machozi yalimtoka, si mengi, akayafuta na ncha ya leso. Agneta, aliyekuwa pembeni, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nakhungu hakudai kwamba ugonjwa huo ni wake kuutibu. Alimwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari wa moyo katika hospitali moja mjini, na majuma matatu baadaye, baada ya waya za kifuani na chupa kadhaa za damu, yule daktari akawathibitishia Dorca na Calvince alichoshuku Nakhungu. Moyo wenyewe haukuwa na kasoro. Ni ule mtambo wa mwili unaopaswa kuipandisha damu mtu anaposimama, ndio uliovurugika, mara nyingi baada ya ugonjwa kama ile homa. Damu hukaa miguuni, na moyo hukimbia kuifuata. Jina lake kwa Kiingereza ni refu, alisema daktari, watu hulifupisha kuwa POTS.

"Kama sufuria?" aliuliza Dorca.

"Kama sufuria," daktari alikubali, na ilikuwa mara ya kwanza Calvince kucheka hospitalini.

Wakapewa masharti: maji lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, chumvi zaidi kwa kipimo alichoandikiwa, soksi ndefu za kubana mpaka mapajani, asioge maji ya moto sana, asisimame mahali pamoja. Agneta aliahidi kutafuta soksi, na haikuchukua wiki akazikuta ndani ya belo, jozi tatu, mpya, bado zimefungwa. Nakhungu alizipima kwa mkono, akazikubali jozi mbili, ya tatu akasema imelegea, hiyo ni ya kuvaa kanisani tu kwa urembo.

Na shingo? Hapo Nakhungu alikuwa wazi tangu mwanzo.

"Wako watakaokuambia ukinyooshewa shingo moyo utatulia. Mimi sijaona ushahidi wa kunitosha, na sitakuuzia maneno hayo. Ninachoweza kushughulikia ni maumivu. Wengi wetu tunadhani ukisimama misuli ya shingo na mabega haipati damu ya kutosha, inajibana. Juu ya hapo weka karai la miaka kumi na mmoja."

"Maumivu yakipungua inatosha," Dorca alisema.

Alikuwa akienda kila wiki mwanzoni. Nakhungu alimlaza chali, akaingiza vidole chini ya kisogo chake na kukiacha kichwa kilalie viganja, kimya, dakika nyingi, mpaka ile misuli ya chini ya fuvu ikaanza kuachia yenyewe. Wakati mwingine Dorca alilala usingizi mikononi mwake. Alimfundisha mazoezi madogo ambayo mtu mwingine asingejua kuwa ni mazoezi: kukivuta kidevu nyuma kidogo kama anayekataa chakula, kuweka kiganja kwenye paji la uso na kukisukuma bila kichwa kusogea. Na kila mara, kabla hajashuka kitandani, alimwinua kwa hatua. Kwanza ubavu. Kisha kuketi, miguu ikining'inia, akiinua na kushusha visigino mara ishirini. Mafunda kadhaa ya maji. Ndipo kusimama, huku ameshika ukingo. Dorca aliipeleka njia hiyo nyumbani, na mapacha wakajifunza kutomwita mama yao kutoka jikoni kabla hajamaliza visigino.

Juma la sita shingo iligeuka pande zote mbili bila kuuma. Moyo uliendelea kukimbia kama kawaida yake. Dorca alimwambia Nakhungu hivyo, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi.

"Ndivyo nilivyotarajia," Nakhungu alisema. "Sasa shingo haikuzuii, tuutafutie moyo kazi. Mwili wako unahitaji nguvu ya miguu, lakini uijenge umeketi. Mjini kuna mahali pana baiskeli ya kuegemea, na mashine ya kupiga makasia. Sijui kama utaweza kuja kila siku."

Dorca alimtazama aone kama anatania.

"Makasia? Daktari, mimi natoka Asembo Bay. Mume wangu anatengeneza mashua."

Nakhungu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaweka masharti: asiende peke yake, avae jaketi la kuokolea, wasitoke mbali na ufuo, na waanze kwa dakika tano.

Calvince alichagua mtumbwi mdogo uliokuja kwake kuzibwa na mwenyewe hakurudi kuuchukua upesi. Alikishusha kiti chake ili miguu ya Dorca isiwe inaning'inia bali imenyooka mbele, akapigilia kipande cha mbao cha kukanyagia. Asubuhi ya kwanza walikizunguka kichaka cha matete tu, dakika tano, wakarudi. Dorca alihema kama aliyekimbia mpaka Kisumu. Wanawake wa ufuoni waliacha kazi wakawatazama.

"Owiti, leo unatembezwa na bibi?" mmoja aliuliza.

"Leo na kesho," Calvince alijibu. "Niacheni na raha zangu."

Baada ya mwezi zilikuwa dakika kumi na mbili. Baada ya miezi minne, nusu saa, na mkono wa Calvince haukugusa kasia ila wakati wa kutia nanga.

Kwenye uwanja wa omena alimjengea vichanja, meza ndefu za mabaki ya mbao za mashua zilizotandikwa nyavu, za kimo cha kiuno. Dorca aliketi kwenye stuli na kuzigeuza omena bila kuinama. Kubeba karai aliacha kabisa. Alipatana na wanawake wawili jirani: wao wangempandishia samaki wake, naye angewaachia nafasi ya kuanika kwenye vichanja na kuwaangalizia omena zao mvua ikitishia. Omena za juu ya kichanja zilikauka upesi na hazikuwa na mchanga. Wanunuzi wa Kibuye walianza kuziulizia. Mama Achola alipoona vichanja alivizunguka mara moja.

"Hapa watu walianika chini tangu nikiwa msichana," alisema, akaenda zake.

Si kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Mwezi wa nane kulikuwa na mazishi ya jirani yao, Mzee Odongo, mtu aliyependwa. Dorca aliona aibu kuketi wakati wazee wamesimama kaburini. Hakuwa amevaa soksi kwa sababu ya joto. Hotuba ya nne ilipoanza alianza kuhesabu vidole vyake, ya tano hakuisikia. Aliangukia bega. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Achola, aliyekuwa nyuma yake. Kikongwe yule aliketi chini kwenye udongo mwekundu, akaivuta miguu ya mkaza mwanawe akaiweka mapajani mwake, juu, kama alivyokuwa amemwona Calvince akifanya. Ndipo akaiona rangi yake. Aliisugua kwa viganja. Taratibu ile zambarau ikafifia, ngozi ikarudi kuwa ngozi.

Jioni alikuja na bakuli la uji, akaketi kando ya kitanda.

"Mbona hukunionyesha hii miguu?"

"Ungeniamini, Mama?"

Mama Achola alifikiri kwa uaminifu. "Wewe, sijui. Miguu ningeiamini."

Tangu siku hiyo hakuna kanisa, mkutano wala harusi waliyokwenda pamoja bila Mama Achola kubeba kiti cha plastiki kichwani, na kabla Dorca hajakitazama, kikongwe alikwisha kukiweka chini na kuwatangazia waliokuwa karibu: "Huyu anakaa." Alisema hivyo hata mbele ya askofu. Askofu aliitikia kwa kichwa na kuendelea na sala.

Bega lilipopona Nakhungu alilikagua pamoja na shingo, akaridhika. Walishapunguza ziara kuwa moja kwa mwezi, na Januari mwaka huu akamwambia asirudi mpaka baada ya miezi mitatu, isipokuwa maumivu yakimwita. Dorca alipimwa tena ukutani. Mia moja na mawili baada ya dakika tano. Bado si moyo wa mtu mzima mwenye afya, Nakhungu alimkumbusha, na huenda usirudi kuwa hivyo. Zingekuja siku za kumwangusha tena. Dorca alijua. Siku za joto kali bado alibaki kitandani mpaka saa tano, na hakuona haya tena.

Aprili aliamua kwenda Gem kumwona mama yake. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili tangu aende, kwa kuwa kutoka barabarani hadi nyumbani kwao ni kilima ambacho pikipiki hukikataa wakati wa mvua. Alivaa soksi, akafunga chupa mbili za maji yenye chumvi na ndimu, akakataa kusindikizwa. Alipanda taratibu. Palipokuwa na jiwe la kuketi aliketi, akainua visigino, akanywa. Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi upande wa pili wa ua alinyanyuka na kumsalimu.

"Umechoka, Mama?"

"Hapana, napumzika," Dorca alisema. "Mahindi yako yamependeza."

Walizungumza kidogo juu ya mvua. Kisha akashika tawi la mti lililokuwa karibu, akasimama, akangoja moyo umalize haraka zake, akaendelea kupanda. Mama yake alikuwa ameketi barazani akichambua kunde, na alipomwona mtu anakuja juu na mkoba begani alisogeza kiti cha pili karibu na chake kabla hata hajamtambua ni nani.